Pikipiki ya Bwana Pandu Imepata Pumzi

Mlandege, Unguja

Kwa mke wangu Mwanahawa,

Nnakusalimu kwa mapenzi yote, na nnamuomba Mola barua hii ikukute umekaa kitako na afya yako, si mbioni kama kawaida yako. Jino la mama limeacha kumsumbua? Na paa la upande wa jikoni, mvua hizi limestahimili? Nieleze kila kitu, hata vile unavyodhani havina maana, kwani huku ndivyo nnavyovisoma mara mbili mbili. Mimi mzima, isipokuwa mkono wa kushoto ulioungua, nao ushapona, imebaki ngozi mpya tu inayowasha. Usishtuke. Habari yake imo humu humu.

Umeniandikia kwamba jirani yetu Bakari, aliyekuja huku kununua vitambaa, karudi Pangani akisema nimefukuzwa kazi kwa kuharibu pikipiki ya watu. Ukaniuliza, kama ni kweli, kwa nini sirudi? Mke wangu, Bakari hakusema uongo. Alichokiona alikiona. Ila aliondoka na meli kesho yake, na mambo yenyewe yalikuwa hata hayajafika katikati.

Gereji yetu, unajua, iko hapa hapa Mlandege, nyuma ya maduka. Mwenyewe ni Fundi Othman, mtu mzima, mkali, asiye na maneno mengi. Vipuri ni shida. Tangu Mapinduzi kitu kikifa hakibadilishwi, kinatengenezwa, na kisipotengenezeka kinatupwa nyuma ya ukuta.

Basi akaja Bwana Pandu. Huyu ni dresa, mwenyeji wa Makunduchi, na kazi yake ni kuzunguka vijiji vya kusini akifunga watu vidonda na kupiga sindano. Kapewa pikipiki ya kazi, lakini ilikuwa ikipita Tunguu tu, injini inashika moto mpaka inazima yenyewe. Anakaa kando ya njia na sanduku lake la dawa, anangoja ipoe, anawasha, anakwenda maili mbili, inazima tena. Siku nyingine alikuwa akigeuza njiani, jua linakuchwa naye hajafika.

Fundi Othman alikwishaifungua injini ile mara mbili. Kabadilisha ringi, kasafisha plagi, kafunga. Moto ule ule. Mara ya tatu akasema, "Hii imekwisha. Waambie ofisini kwenu waifute daftarini."

Bwana Pandu akashika usukani wa pikipiki yake kama amshikaye mgonjwa mkono. "Wakiifuta mimi nnarudishwa mezani, hapa mjini. Na wale wa kusini watafungwa vidonda na nani?"

Mimi nilikuwa nimechutama kwa nyuma, injini inawaka. Nikaweka kiganja kwenye tundu la bomba la moshi. Mwanahawa, injini nzima hupuliza. Hii ilikuwa inapumua kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kanga.

"Fundi," nikasema, "ugonjwa haumo kwenye injini. Moshi hauna pa kutokea, kwa hiyo moto unabaki ndani."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Nipe siku tatu nikuoneshe."

"Siku tatu. Na ukiiharibu, usije ukanionesha uso wako."

Nilipolifungua bomba nilimwita Bwana Pandu aje aone. Pale linapoungana na silinda, tundu la kupita vidole viwili lilikuwa limebaki la kupita penseli. Masizi yamegandana na oili, magumu kama ukoko wa chungu kilichosahauliwa jikoni. Injini za namna ile hunywa petroli iliyochanganywa na oili kidogo, kwa hiyo nikamuuliza yeye anachanganya kiasi gani. Akaona haya.

"Mwanzo nilikuwa nikitia kama nilivyoambiwa. Ilipoanza kushika moto nikaongeza. Moto ukizidi, nami nnazidisha."

Maskini, alidhani anaiponya. Oili ikizidi, masizi yanazidi. Masizi yakizidi, bomba linaziba na moto unapanda, naye anakimbilia tena oili.

Nikakwangua mdomo wa silinda kwa kijiti cha mwanzi, maana chuma kingeikwaruza pistoni. Mapezi ya silinda, yale yanayotakiwa kupigwa na upepo ili injini ipoe, yalikuwa yamejaa tope jekundu hata hayaonekani. Nikayasugua kwa makumbi ya nazi na mafuta ya taa mpaka yakang'aa. Bomba nikalichoma juu ya moto wa vifuu, likatoa moshi mweusi ukaingia madukani, na muuza vitambaa akatoka kuniuliza kama nimepania kumtia njaa. Masizi yaliyobaki ndani kabisa yalitaka magadi makali, yale ya sabuni. Nikaenda Mpendae kwa mama mmoja anayepika sabuni ya mafuta ya nazi. Alinipa, akanionya: "Haya hayana mchezo, mwanangu. Chuma cheusi hayakidhuru. Lakini kitu cha namna ya sufuria usitie, yatakitafuna."

Nilimsikia vizuri. Kwa hivyo sina wa kumsingizia.

Bomba lilitoka safi mpaka nikalichungulia huku nikicheka peke yangu. Ilikuwa siku ya tatu, na kichwa cha silinda, kile kifuniko chake cha juu, kilikuwa bado na masizi. Nikajiambia nikikikwangua nitachelewa, dakika moja tu ya magadi haitakidhuru. Nikakitumbukiza. Na kichwa kile ni cha chuma cheupe, ndugu mmoja na sufuria. Kikachemka, kikatoa povu la kijivu, nami bila ya kufikiri nikatia mkono kukitoa. Hapo ndipo nilipoungua. Bakari alikuwa mlangoni, kaja kuniaga. Fundi Othman akakiokota kile kichwa kwa koleo, kimetafunwa kama biskuti iliyoliwa na mende, akasema mbele ya watu wote, "Toka. Usirudi."

Hayo ndiyo aliyoyachukua Bakari mpaka Pangani.

Nilirudi chumbani, na sikufichi, nilianza kukunja nguo zangu. Lakini kila nikikunja moja nnaliona lile bomba lilivyokuwa jeupe ndani. Ugonjwa niliujua. Nilichokosea ni dawa, tena kwa haraka zangu mwenyewe. Nikasema siwezi kurudi kwetu nikikimbia kosa ambalo bado nnaweza kulitengeneza. Nguo nikazirudisha msumarini.

Asubuhi nilimfuata Bwana Pandu, nikamwambia kwa mdomo wangu, "Pikipiki yako nimeiharibu mimi, si mtu mwingine." Hakunigombeza. Alinifungua kitambaa nilichojifunga mkononi, akausafisha mkono, akaufunga upya kwa utaratibu wake, ndipo akasema, "Chukwani kuna pikipiki kama yangu. Mwenyewe kafariki. Mkewe anaanikia nguo."

Nikaenda Chukwani kwa miguu. Pikipiki niliikuta imeegemea ukuta, juu yake kanga mbili mbichi. Bi Mize, mjane mwenyewe, alinikaribisha barazani, lakini nilipotaja pikipiki uso ukabadilika.

"Hiyo siitoi. Ni ya marehemu."

"Sitaki pikipiki, Bi Mize. Nnataka kichwa cha injini tu. Kuna watu kusini wanangoja kufungwa vidonda, na dresa wao hana cha kumfikisha."

Akaitazama bendeji ya mkono wangu, kisha akauliza, "Stovu unaijua?"

"Nnaijua."

"Basi kanitengenezee yangu kwanza. Inatoa moshi kuliko moto."

Nikaifungua kwa mkono mmoja na nusu, nikazibua kitundu chake kwa sindano, nikaipiga pampu, moto ukasimama wa buluu. Bi Mize akaenda ukutani, akaziondoa zile kanga moja moja. "Fungua," akasema. "Lakini taratibu. Yeye alikuwa hapendi mtu aishike kwa pupa."

Niliporudi gereji sikupiga hodi. Fundi Othman akaona kichwa mkononi mwangu, akaona na bendeji, akanisogezea spana. "Kaza mkabala kwa mkabala," akasema, "usikaze upande mmoja." Tukaifunga pamoja. Bwana Pandu nikampa kipimo: kikombe kimoja cha chai cha oili kwa galoni ya petroli, hata ikishika moto asiongeze tone.

Kesho yake nikapanda nyuma, tukashika njia ya kusini. Tulipofika Tunguu akapunguza mwendo kwa mazoea. Nikamwambia, "Nenda." Tukapita Jozani, tukapita Kitogani, mimi nimeinama kila mara kusikiliza, na injini inapuliza vile vile. Hatukusimama hata mara moja mpaka Makunduchi.

Mtu wa kwanza kumwendea alikuwa Mzee Haji, mkulima wa muhogo aliyejikata mguu kwa jembe. Alitakiwa kufungwa kila siku ya tatu. Ilikuwa siku ya tisa. Bwana Pandu alipoifungua bendeji nilitoka nje, sikuweza kustahimili ile harufu. Nilimsikia yule mzee akisema, "Mwanangu, nilidhani mmetusahau," na Bwana Pandu akiomba maji ya moto. Alipomaliza akanifuata nje, akasimama nami. "Siku tatu zaidi," akasema, "ningemleta mjini kukatwa." Sasa anakwenda mara mbili kila wiki, na juzi kaniambia mzee kaanza kuukanyagia.

Fundi Othman hakunisifu, wala sikungoja. Asubuhi iliyofuata alinitupia bomba la pikipiki nyingine miguuni. "Na huyu naye hapumui vizuri. Fungua." Ndiyo nikajua nimerudi kazini.

Kwa hivyo, Mwanahawa, jibu la swali lako ni hili: sirudi. Usilisome kwa hasira. Kazi hii sasa nnaijua kwa mikono yangu, pamoja na ule uliobabuka, na mabomba ya kuzibuliwa yamepangwa mpaka mlangoni. Nnataka uje wewe. Nimepata chumba Mpendae, kina dirisha na ua wa kupikia, na wenyeji ni watu wa heshima. Mama akikubali, naye mahali pake papo.

Nipigie magoti kwa mama na umpe shikamoo yangu. Mjomba Sefu, aliyetuozesha, mwambie dua zake zinanifikia. Dada yangu Tatu nnamsalimu na wanawe, na mwalimu wetu wa chuoni pia, na wifi yako mwingine, wa Mwera ya huko, usimsahau akanuna.

Nijibu upesi, japo kwa neno moja. Seremala hapa jirani kashanikatia mbao za kitanda, na kila nikipita ananiuliza akifanye upana gani.

Mimi mumeo anayekungoja,
Ramadhani