Hereni-za-Bibi na Palizi ya Mama Mkwe

Jumapili, 3 Machi

Nimerudi kutoka semina hoi, begi bado begani, nikapita moja kwa moja uani kuziona hereni-za-bibi zangu. Makopo yamepangwa mstari. Yamefutwa vumbi. Na yamepaliliwa! Nyasi zote nje. Zote! Kila kopo lina udongo mtupu, umechambuliwa laini, na katikati ua langu limesimama peke yake kama mgeni asiyekaribishwa na mtu.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anajifuta mikono. Anatabasamu. Kazi zimekuelemea, mwanangu, akasema, majani yalikuwa yanataka kuyameza maua yako, nikaona nikusaidie.

Nikasema asante, mama. Asante! Ulimi huu! Nikaingia bafuni, nikafungua bomba lipige kelele, nikang'ata taulo.

Ni mama wa mume wangu. Amekuja kunilelea watoto wiki nzima, hakuombwa mara mbili. Nitamfokea vipi?

Lakini hereni-za-bibi haziwezi kuishi zenyewe. Mizizi yake hushika mizizi ya nyasi na kunyonya humo humo. Ukizing'oa nyasi umemnyang'anya mtoto titi. Nimehangaika misimu mingapi mpaka nikajua ni nyasi ipi zinayoikubali! Kwenye bustani ya manispaa ninakofanya kazi tunaotesha kila kitu, hizi hakuna aliyewahi kuziotesha. Mimi niliziotesha. Mimi! Kwenye makopo ya rangi.

Jumatatu, 4 Machi

Zimelala. Nimezimwagilia, nimezitandia shuka kuukuu zipate kivuli — wapi.

Mume wangu amenibana jikoni. Bwana Amani! Huyu hata kuku wakigombana anataka kuwasuluhisha. Akanishika mikono yote miwili. Tafadhali nisimwambie mama, ataumia, ameshajisifu kwa jirani jinsi alivyonisafishia. Nikamwambia yaliyokufa ni maua yangu, si ya jirani. Akaniachia mikono, akatoka. Halafu nikamsikia sebuleni akimwambia mama yake kwamba ugonjwa umeingia kwenye maua. Ugonjwa! Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Na mama akaja kunipa pole. Akakaa kitandani kwangu, akanishika goti. Anasikitika amechelewa. Eti angekuja mapema akayatoa yale majani, ugonjwa usingepata pa kujificha.

Nusura nipasuke.

Jumatano, 6 Machi

Kazini. Nimemwambia bosi. Akavua miwani, akaiweka juu ya meza. Angalau yeye anajua kilichopotea. Basi, akasema, zimebaki zile za mteremkoni tu.

Zile tu. Chini ya tangi la maji, nyuma ya mtaa wetu. Kwingine kote tulikozijua pamelimwa au pamejengwa. Sasa zimechanua, lakini mbegu bado mbichi. Mbegu zikikauka nazichuma, naanza upya. Zikifa kabla — basi, tumeimaliza dunia nzima ya hereni-za-bibi, tuonyeshane picha.

Nikamuuliza bosi habari za uzio niliouomba. Ombi liko kwa mkubwa. Liko kwa mkubwa tangu sijaotesha hata kopo moja! Uzio wa kuzunguka kibao chenye jina lake ulipatikana kwa wiki.

Nimepita mteremkoni wakati wa kurudi. Zipo. Ziko ndani ya nyasi, mpaka uzitenge kwa mkono ndipo unaziona: zambarau, zinaning'inia mbili mbili. Nimekaa nazo kidogo. Angalau huku hakuna mtu msafi anayefika.

Ijumaa, 8 Machi

Mdomo wangu una nuksi!

Mama mkwe amejiunga na kikundi cha usafi cha kina mama wa mtaa. Amesikia kwa watoto kwamba maua yangu mengine yako mteremkoni. Basi mchana huu, tunakula, akatangaza: ameshaongea na wenzake, kesho asubuhi wanakwenda kuyapalilia, yapate hewa, ugonjwa usije ukafika na huko. Akanitazama kama mtu aliyeninunulia zawadi na hawezi kusubiri niifungue.

Kijiko kikanidondoka. Nikafungua mdomo. Bwana Amani akanikanyaga chini ya meza. Akanikanyaga!

Tumegombana stoo, mlango umefungwa, kwa kunong'ona kama wezi. Nikamwambia: uongo wako ndio unaokwenda kule na jembe. Useme wewe au niseme mimi. Akaapa atasema yeye, leo hii, taratibu. Ni mama yake, anajua pa kumshika.

Nikamwachia.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeamka, jembe la uani halipo. Namuuliza Bwana Amani, anasema usijali, nimemwambia. Umemwambia nini? Anajikuna shingo. Amemwambia kwamba mke wangu anapenda kuyahudumia mwenyewe.

Kwamba napenda kuyahudumia mwenyewe! Na mama yule, kwa moyo wake ule, akaamka mapema zaidi ili nisipate taabu!

Nimekimbia na kandambili. Kina mama wako pale wanaimba, majembe yanapanda na kushuka, mama mkwe mbele. Nyasi zimerundikwa kando. Upande wote wa chini uko wazi. Hereni zimeachwa zimesimama, kila moja na kiduara chake cha udongo safi. Hawajavunja hata moja. Wamezipalilia kwa mapenzi!

Nikapiga kelele. Mbele ya wote. Mama, acha! Hakukuwa na ugonjwa! Ni wewe uliyeziua za nyumbani na sasa unaziua hizi, zinakula kwenye nyasi!

Majembe yakasimama. Kisha mwenyekiti wao akaniuliza nimejifunza wapi kumsemesha mama mkwe namna hiyo. Nikamwambia adabu ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mama akaweka jembe chini. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa anapanda mteremko akihema. Akamuuliza, ulijua?

Bwana Amani akatazama viatu vyake.

Wameondoka mmoja mmoja, majembe begani, hakuna aliyeniaga. Nimerudi, naandika nimesimama jikoni, mwandiko wenyewe hausomeki. Nina hasira mpaka masikio yanaungua. Sijutii. Labda lile la "umeziua", mbele ya watu. Hapana, sijutii!

Mama mkwe hakurudi. Namwona kwa dirisha. Amepiga magoti pale mteremkoni, anachota nyasi kwenye rundo na kuzirudishia, shina kwa shina, anashindilia kwa vidole. Jua limeshakuwa kali. Mizizi itakuwa imekauka. Nyingi hazitashika.

Bwana Amani amesimama mlangoni na bilauri ya maji ya mama yake. Anasema nikamwite mimi, nimwambie inatosha, yameisha.

Haitoshi! Na hajui nyasi ipi ni ipi, anarudishia yoyote anayoiokota! Nimejaza ndoo. Nimemwambia Bwana Amani abebe ya pili, na asinisemeshe.