Kikombe Nilichokiweka Chini

Jumapili, 9 Novemba. Riyadh

Kanzu imepigwa pasi, na mtu mwingine tena. Nilipokuwa mtunza stoo hapa hapa Riyadh, kule Al-Sulay, nilijipigia mwenyewe, juu ya godoro. Siku hizi mimi ni mwanamfalme, hata soksi nachaguliwa. Ufalme wetu ulipinduliwa enzi za babu, nikakua mtoto wa watu tu. Mwaka juzi wananchi waliurudisha kwa kura. Ami yangu akakalia kiti cha enzi, mimi nikatolewa stoo nikapewa uwaziri, na sasa nimerudi huku kwa ziara ya serikali. Tena nautaka uwaziri mkuu. Humu naweza kusema.

Jioni nilikwenda Malaz kwa Bakari, mwanakwetu. Tulipanga chumba kimoja miaka mingi, yeye akiendesha lori, mimi nikihesabu maboksi. Kaniita Mudi kama zamani, akanicheka tumbo. Kisha akanieleza habari ya dada yake, Zuhura, mfanyakazi wa ndani Jeddah. Mkataba wake umekwisha, kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, hataki kumwachia. Mtoto wake anaumwa kule nyumbani na anamwita mama.

Na kafili ni nani? Tajiri yule yule anayenialika Alhamisi. Yule tunayemtaka atujengee bandari.

Jumatatu, 10 Novemba

Bakari kapiga simu. "Ukipewa kahawa, Mudi, usinywe. Iweke chini."

Kama nimesahau. Ndiye aliyenifundisha. Kwa Waarabu, mgeni mwenye haja huweka kikombe mbele yake bila kukinywa, na mwenyeji wa mila hana raha mpaka aseme, haja yako nimeikubali, kunywa. Tajiri huyu ni mtu wa mila. Lakini haja ni moja. Huendi kwa mtu na kapu zima.

Nikamwambia, kaka, hesabu Zuhura amekwisha fika. Mdomo wangu mwepesi sana.

Jumatano, 12 Novemba. Jeddah

Ami kapiga simu. Tajiri anasitasita. Bandari ikipatikana, bunge litanipitisha. Isipopatikana, kiti ni cha binamu yangu.

Nimejiambia bandari ni ya watu wote, Zuhura ni mmoja. Hoja nzuri. Nimeirudia mpaka nikaona haya.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimefanya.

Nyumba iko Al-Safa. Sebule ya wanaume, mazulia, wazee wa ukoo wamejipanga ukutani. Ikaletwa sinia ya tende, na kando ya tende, visheti. Visheti vya kwetu, sukari imeganda juu. Hakuna Mwarabu anayepika hivyo. Zuhura alikuwa jikoni, na alijua nani kaja.

Kahawa ikamiminwa. Nikaiweka chini. Wazee wakanigeukia.

"Haja yako?" tajiri akaniuliza.

Nikasema bandari.

Akacheka, akanishika bega. "Nimekubali. Kunywa."

Nikanywa. Nikatikisa kikombe, kuonyesha nimetosheka. Visheti sikuvigusa. Wakati wa kuagana nilitaka kumvuta pembeni nitaje jina la Zuhura. Mlango wa gari ulikuwa wazi. Nikapanda.

Mimi mtu wa hovyo. Sina neno jingine.

Ijumaa, 14 Novemba

Pongezi tangu asubuhi. Ami amelia kwa furaha. Binamu naye kanipongeza, maskini.

Bakari hajapiga simu. Mimi pia sijampigia. Nimeswali nikasahau rakaa.

Jumapili, 16 Novemba. Riyadh

Bakari kaja hotelini, kavaa shati lake la Idi. Bandari ameisikia redioni. Ya Zuhura hakuuliza. Nikamtoa mhudumu nje, nikamimina kahawa kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikuwa nimekata shauri. Akiiweka chini tu, naondoka sasa hivi kurudi Jeddah, namwangukia yule tajiri, na bandari kama itapotea na ipotee. Nilimwomba Mungu Bakari aiweke chini. Nilikikodolea macho kile kikombe mpaka nikajionea aibu.

Akanywa. Yote. Akakitikisa, akanirudishia mkononi.

"Nashukuru, Mtukufu," akasema. Hajapata kuniita hivyo.

Akavaa viatu vyake mlangoni, bila haraka. Sikumzuia.

Kikombe kipo hapa mezani, sijakiosha. Namba ya tajiri ninayo. Simu iko karibu na mkono. Nimekaa naandika haya.