Barua Uliyoandika Kumhusu Yohana

Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Pastory,

Kifua cha mama kimepungua kubana? Na mvua, imewafikia huko Chonyonyo? Mimi mwili ni mzima, lakini nina hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu yako tangu tuzaliwe, na leo nitaisema yote.

Unajua kwamba tangu bomu lilipolipuka hapa mjini nimehamishiwa kikosi kipya cha polisi cha kupambana na magaidi. Hujui kazi ilivyogawanywa. Wako wanaolinda majengo, wako mafundi wa mabomu, wako wapelelezi. Sisi wa chumba cha kwanza tunapokea taarifa kutoka mikoani, tunazisoma na kuzichambua, kisha tunasema ipi ifuatiliwe na ipi iachwe. Za Kagera hunijia mimi, kwa sababu ninajua Kinyambo, lugha yetu.

Jumanne ikaja taarifa ya kwetu. Wilayani walikuwa wameshaifanyia kazi, wakatuma jalada lote. Ndani yake mlikuwa na barua isiyo na jina: Yohana, Mrundi kibarua wa kahawa, ameficha mabomu ya mkono katika shimo nyuma ya nyumba yake, na wageni humletea magunia.

Pastory, mwandiko huo niliufundisha mimi. Nilikushika mkono ukiwa darasa la kwanza, na mpaka leo herufi ya g unaigeuza mkia kama nilivyokukataza.

Wageni wenye magunia ni ndugu zake waliokuja kuchuma kahawa. Shimo ni la kuivishia ndizi za pombe ya rubisi, na wewe umekunywa rubisi ya shimo hilo! Askari walilifukua wakakuta ndizi na majani. Hata hivyo walimweka ndani siku kumi na moja, wakimuuliza mabomu yako wapi. Ametoka sikio la kushoto halisikii. Mkewe alijifungua akiwa peke yake, na mtoto hakuishi.

Na yote haya kwa sababu ya nini? Kwa sababu baba alimpa Yohana kipande cha kibanja chetu cha migomba kabla hajafa, nawe ukakitaka. Ungekwenda kwa wazee wa ukoo. Ungenipigia simu. Hapana, ukachukua hofu ya watu waliofiwa huku mjini ukamchomea nayo jirani. Nimesimama kwenye vifusi vile. Nimeokota viatu vya watu. Sikuviokota ili wewe upate migomba.

Nilikaa na jalada lile mpaka mchana. Ningeweza kuandika "haina ukweli" nikalifunga, na hakuna ambaye angejua. Nikaenda kwa mkuu wangu.

"Afande, aliyeandika hii ninamjua."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Tumenyonya ziwa moja."

Alichukua kalamu. "Unajua nikiandika jina hili siwezi kulifuta?"

"Ninajua, afande."

"Na chumba hiki hutakaa tena. Taarifa za kwenu hazitapita mikononi mwako."

"Sawa, afande."

Akaandika. Kuanzia kesho ninalinda geti.

Kwa hiyo utaitwa wilayani kwa kutoa taarifa ya uongo. Usivuke mpaka, na usimtume mama aje kunililia. Kabla hujaitwa, nenda kwa Yohana mchana, watu wakiona, ukamwambie kwa kinywa chako kwamba ni wewe. Akikufukuza, ondoka. Akikupiga, usirudishe. Kipande kile ni chake. Mimi mtoto wa kwanza nimemwandikia katekista barua ya kushuhudia hivyo.

Msalimie mama, mwambie ukweli wewe mwenyewe kabla hajausikia kisimani. Msalimie dada yetu Koleta na mumewe fundi baiskeli, na shangazi wa Bweranyange anayetutunzia mbuzi. Mke wa Yohana usimpe salamu zangu. Nitazipeleka mwenyewe nikipata likizo, maana sijui za kuandika.

Ni mimi kaka yako, na bado ni kaka yako,
Koplo Deusi