Taa ya Hodi

Jalila,

Nimevuka feri kwenda Chaani kumwona shangazi yako. Mahamri nimeyafunika kwa kawa, mbaazi zipashe moto. Ule kabla hujarudi darasani.

~~Na nyaya zako usizirudishe tena mezani.~~

Hilo nimelifuta. Asubuhi nilizing'oa kwa hasira, nikakwambia meza ni ya kusukumia mahamri, si karakana. Ukatoka hata chai hukunywa. Kisha nikaokota mchoro wako sakafuni, nikasoma ulichoandika juu yake: "Taa ya hodi. Mama hasikii siku hizi."

Nikakaa kitako. Kumbe ulijua! Nami nilidhani nimekuficha. Tena namnunia Bi Mwanarehema kwamba hanitembelei, kumbe jirani wa watu hupiga hodi zake tatu, asiitikiwe, akaenda zake.

Basi nimeziunga nyaya mwenyewe, nikifuata mchoro. Taa haikuwaka. Nikakilaumu hicho kikompyuta chako cha ukubwa wa kiberiti, kumbe mguu mrefu wa taa nimeuchomeka pa mfupi. Nikaigeuza, nikatoka nje, nikabonyeza kitufe mlangoni kwangu kama mgeni, nikachungulia dirishani. Nyekundu, wallahi!

Ila uihamishie jikoni, ndiko nishindako.

Jioni ukirudi nitakuwa nishafika. Usiingie kimya kimya kama ulivyozoea. Bonyeza, kisha ungoje hapo nje. Ni siku nyingi sijakuitikia "karibu".

Mamako