Karatasi za Bibi na Kiuno cha Adila

Adila mwanangu,

Nimekwenda Msata kununua kitambaa cha kuongezea. Samaki wa nazi yumo chunguni, mfunike vizuri, paka huyu hana haya. Karatasi za bibi yako za kukatia gauni zilizo hapa mezani usizikunje, gundi haijakauka.

Asubuhi zipu ya gauni la kujaribia ilipogoma kiunoni, shangazi yako Saida akacheka, nawe ukasukuma chapati ukaapa huli mpaka siku ya harusi. Mwali gani anayegombana na chapati? Bibi yako alikuwa mwembamba kama ufito, na karatasi alizikata kwa kipimo chake. ~~Nitaongeza inchi mbili pembeni.~~ Hapana, nikiongeza pembeni tu makwapa yatavuta. Nimezipasua katikati, nikazitanua, pengo nikaliziba kwa gazeti.

Ndiyo, nimeutia mkasi urithi! Mimi wakati wa harusi yangu niliogopa kuzigusa. Nilijinyima wiki mbili, gauni likaingia, nikazimia mbele ya wakwe. Baba yako ananicheka mpaka leo.

Safari hii karatasi ndizo zitakufuata wewe. Nikirudi chunguni nikute miiba tu.

Mama yako, fundi wako