Kizuri Hakijiuzi, Baba Mutiso

Baba Mutiso,

Wewe mzee huna haya. Tangu tukuzike hujanijia hata kwenye ndoto. Wajane wenzangu waume wao huwajia, wengine kuulizia koti tu, na mimi nalala hapa mtaani Huruma nikikungoja kama mjinga. Sawa. Kalamu siijui, unajua, kwa hivyo mimi nasema, naye Mama Salma wa mlango wa pili anaandika. Nimemkataza kunipunguzia makali.

Nina hasira na wewe. Mjukuu wako Ndinda amekosa kazi, na aliyemkosesha ni wewe.

Ilikuwa kazi ya stoo katika kiwanda cha sabuni, kazi ileile aliyosomea chuoni. Alipiga blauzi pasi, akapanga vyeti kwenye bahasha, nikamwombea mlangoni. Wale wakubwa wakamuuliza, kwa nini tukuchukue wewe? Unajua mtoto alijibu nini? "Kazi yangu mtaiona wenyewe." Na miaka mitano ijayo unajiona wapi? "Pale Mungu atakaponiweka." Wakamshukuru, wakasema watampigia simu. Labda bado wanatafuta chaji.

Maneno hayo aliyatoa wapi kama si kwako? Ulimlea pale karakana, yeye akichezea mabaki ya mbao, wewe ukichonga twiga na kumwimbia: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wachongaji wenzako walikuwa wakiita wageni, wewe umeinama unapiga msasa. Broka, yule dalali wako, akibeba twiga wako na kwenda kujitapa mjini kwamba ni kazi ya mikono yake, unasema mwache, Mungu anaona. Mungu aliona, ndiyo. Na sisi tulikula kwa sababu mimi nilijitwika ndengu, zile choroko, nikapiga kelele ploti hadi ploti mpaka sauti ikakatika. Ndengu zangu zilikuwa nzuri, Baba Mutiso. Na nilizitembeza! Sasa methali yako inasemaje hapo?

Sikiliza kinachoniuma zaidi. Ndinda alipokuwa akijifunza kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kware, alikuta mwenye duka ananunua misumari na rangi alizokwisha kuwa nazo, zimefichwa na vumbi huko nyuma. Mtoto akatoa kila kitu nje, akapanga upya, akaandika kila rafu ina nini. Kulikuwa na kijana mwenzake, kazi yake kumshikia ngazi. Kijana huyo ndiye aliyepata kazi kwenye kile kiwanda cha sabuni. Aliwaambia, "Mimi niliongoza upangaji wa stoo nzima." Mshika ngazi! Na wala simlaumu. Yeye alifungua mdomo.

Juzi ameitwa tena, kiwanda kingine, upande wa Lucky Summer. Ni Alhamisi. Nikamsimamisha jikoni nikamwambia, mimi ndiye bosi, haya, niuzie Ndinda.

Akaangalia chini. "Susu, nyanya yangu, tulipanga stoo..."

"Tulipanga na nani?"

"Yaani, mimi na..."

"Na mshika ngazi?"

Mama Salma akacheka mpaka akashika sinki. "Huyu ukimpa maji akauze jangwani, atarudi na ndoo imejaa!" Tukacheka wote, hata yeye. Lakini baadaye akaniambia polepole, "Susu, kujisifu ni aibu. Babu alisema." Mimi, Baba Mutiso! Nitashindana vipi na maiti? Mtoto ananipenda, lakini anayemwamini ni wewe. Na huyuhuyu, tukimenya viazi, ameniambia anataka siku moja awe ndiye anayenunulia kampuni nzima vitu vyake. Jibu la ile miaka mitano analo. Anamwambia nani? Viazi.

Unakumbuka mazishi yako? Hukumbuki, ulikuwa umelala. Watu walipokezana maiki mpaka jua likaanza kuzama. Oo, mikono ya dhahabu. Oo, fundi wa mafundi. Hata broka alisimama akalia. Nikatamani nikutoe kwenye sanduku usikie. Mimi nilikwambia kila siku kwamba hakuna twiga kama wako, na ulinijibu nini? Nyamaza, majirani watasikia.

Nakuaga, mume wangu. Lala, mifupa yako ipoe. Nakuahidi hivi: kazi ipatikane isipatikane, katika nyumba hii hakuna tena mtu wa kungoja jeneza ndipo asifiwe. Nitamsifu huyu mtoto ngazini, dukani, kanisani, mpaka azoee kusikia.

Na ukiamua kuja, usije kwangu. Jumatano usiku nenda kwa Ndinda. Analala kwenye kochi, upande wa dirisha. Mwambie babu yake amempa ruhusa. Mwambie ajiuze. Na usinong'one.

Mkeo,
Mama Mutiso