Nguzo Iliyonguruma Ikiwa Imezimwa

Kaka Asukulu,

Popote ulipo, kama bado upo, shikamoo.

Ulifika kwangu Buzebazeba na mfuko mmoja wa plastiki, miezi ile maboti yalipokuwa yakishusha watu kutoka ng'ambo ya ziwa kila kukicha. Kwenu Kongo ulikuwa fundi wa umeme. Huku ulikuwa mkimbizi, na ulitakiwa kukaa kambini. Nikakuficha. Nikakupa viatu vyangu vya kazi vya akiba, nikawa nakwenda nawe kazini kwenye laini za umeme za vijijini, nikiwaambia watu wewe ni binamu yangu.

Nilikuona una wazimu kidogo, nisamehe. Kabla ya kupanda nguzo ulisimama chini, kidole juu, ukitaja vifaa kwa sauti kuanzia kileleni: vikombe vinavyoshika waya, fyuzi, transfoma, waya wa ardhi. Kisha ulinyamaza, ukasikiliza. Sisi wengine tulitazama fyuzi tu. Zikining'inia kichwa chini, basi, pamezimwa, panda.

Unakikumbuka kile kijiji cha njia ya Ilagala? Mchana, saa nane, jua kali, na njiani hakuna hata kuku. Kijiji kizima kilikuwa msibani. Fyuzi zote tatu nilizishusha kwa mkono wangu. Nimeshafunga mkanda, nakwenda kubadilisha kikombe kilichopasuka juu ya transfoma, ukanishika shati.

“Usipande, mdogo wangu. Iko inalia.”

Nikacheka. “Ilie nini, na nimeizima mwenyewe?”

“Nyamaza kwanza.”

Nikanyamaza. Mama yangu wee! Transfoma ilikuwa inanguruma, taratibu, kama mtu anayeguna usingizini. Fyuzi zinaning'inia, umeme hauna pa kupita, nayo inanguruma. Nikaufungua mkanda.

Tulizunguka nyumba zile tupu mpaka tukalikuta duka limefungwa kwa nje, na uani jenereta inaunguruma peke yake. Mwenye duka aliiwasha bila kuzima swichi kuu, umeme ukarudi kinyumenyume mpaka juu ya nguzo. Ningeshika pale, ningekufa.

Wiki hiyohiyo watu wa uhamiaji wakatusimamisha mtaa wa Mwanga, karibu na soko. Ofisa akakunyooshea kidole, akaniuliza, “Huyu unamjua?”

Niliogopa jela, Kaka. Niliogopa kufukuzwa kazi. Nikasema, “Simjui.”

Uliinama, ukafungua kamba, ukavivua viatu vyangu na kuviacha pale chini, visije vikanichongea, maana vilifanana na nilivyovaa. Ukapanda lori lao peku.

Nimekutafuta kambini mara tatu. Jina lako halimo. Mmoja alisema ulirudi ng'ambo kwa boti, mwingine akasema boti hiyo haikufika. Na hata sasa nikipita kwenye nguzo ile, hata nikiwa nimepima na kuhakikisha umeme haupo, bado naisikia inanguruma. Wenzangu hawasikii kitu. Naogopa, Kaka, nakwambia kweli.

Lakini kuna baya zaidi. Miaka yote hii nikisimulia kisa kile, nasema niliisikia mwenyewe. Wanangu wamekua wakijua baba yao ana masikio makali. Jana nimewakalisha chini, nikawatajia jina lako, nikawaambia yote.

Binti yangu akaniuliza, “Sasa baba, asingekushika shati, sisi tungekuwepo?”

Nikamwambia hapana.

Lala salama, kama umelala. Kama u hai, njoo uwaone.

Mdogo wako aliyekukana,
Buzebazeba